Omo na Tezi kwa Wakati Mmoja: jinsi muda unavyorefuka na urefu unavyofupika

Mgeni anayefika Unguja mara ya kwanza huambiwa boti inaondoka saa moja asubuhi, naye akitazama mkononi anaona 7:00. Tofauti hiyo ya saa sita haina fumbo. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, wengine usiku wa manane. Ni tofauti ya majina tu: safari ya kutoka saa moja hadi saa tatu na ile ya kutoka 7:00 hadi 9:00 ni safari ile ile, na kwa hesabu zote mbili imechukua saa mbili.

Nadharia ya uhusianifu maalumu, aliyoitoa Albert Einstein mwaka 1905 akiwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, haizungumzii tofauti za namna hiyo. Inasema kwamba muda wenyewe uliopita haulingani baina ya aliyebaki gatini Malindi, bandarini Unguja, na aliyepanda boti, hata wote wawili wakiwa na saa nzima zisizo na kasoro. Nayo boti, ikipimwa na aliye gatini, ni fupi kuliko inavyopimwa na mabaharia wake. Wengi hufundishwa mambo haya kama maajabu mawili yaliyosimama mbalimbali, kisha wakaachwa bila la tatu linaloyafunga pamoja, yaani maana ya kusema "wakati mmoja". Ndiyo maana hesabu zao huja kugongana.

Kwanza ukubwa wa jambo. Boti inayokwenda maili 30 za baharini kwa saa hukata mita 15 na ushei kila sekunde. Tukiliacha kando zunguko la dunia, abiria aliyekaa ndani saa mbili mpaka Dar es Salaam hushuka akiwa ameishi pungufu kuliko aliyebaki gatini, kwa kama sehemu 10 za trilioni za sekunde moja. Katika muda huo nuru yenyewe haijamaliza milimita 3. Boti ya mita 40 nayo hufupika kwa kiasi ambacho ukikirudia mara 2,000 hivi ndipo unapata upana wa atomu moja. Si ajabu basi kwamba nahodha hana habari na mambo haya.

Misingi ni miwili. Wa kwanza ni wa zamani, tangu enzi za Galileo: ukikaa ngamani mwa jahazi linalokwenda sawasawa, bila kuyumba wala kubadili mwendo, hakuna jaribio lolote la kukuambia kama jahazi linakwenda au limetia nanga. Embe ukiliachia linaanguka wima miguuni pako. Msingi wa pili ni kwamba nuru katika ombwe huenda mita 299,792,458 kwa sekunde kwa kila mpimaji, awe anaikimbia au anaifuata. Albert Michelson na Edward Morley walitafuta tofauti ya kasi hiyo mwaka 1887, wasiipate. Mwaka 1964 huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, zilipimwa chembe ziitwazo pioni, zikienda zaidi ya 99.9 kwa mia ya kasi ya nuru huku zikitoa miali mbele yake. Miali hiyo haikuongezewa kasi ya pioni hata kidogo. Ilikwenda kwa kasi ile ile ya nuru.

Hapa ndipo akili ya kawaida inapogoma. Mpira unaorushwa kuelekea mbele kutoka kwenye boti hujumlisha kasi yake na ya boti, nuru hukataa. Basi kwa kuwa kasi ni umbali kugawa kwa muda, na kasi hii haitaki kubadilika, kinachobaki kubadilika ni umbali na muda.

Saa ya mlingotini

Tuliazime jahazi kasi lisiyoweza kuipata: 0.6 ya kasi ya nuru. Tutahesabu kwa nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde, maana katika nanosekunde moja nuru hukata sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi. Jahazi letu basi linakata sentimita 18 kwa kila nanosekunde.

Mlingoti una mita 12. Chini, penye sitaha, ipo taa na kioo; juu kabisa kipo kioo kingine kinachotazama chini. Mwako wa nuru unapanda, unapiga kioo, unarudi. Kwa baharia aliye penye shina la mlingoti njia ni wima: mita 12 kwenda na 12 kurudi, jumla 24, nanosekunde 80. Hiyo ndiyo kugonga moja kwa saa yake.

Aliyesimama nchi kavu, pale Forodhani, haoni njia ya wima. Wakati nuru inapanda, mlingoti unasogea mbele, kwa hiyo nuru inakata mshazari. Tujaribu nanosekunde 50 za kupanda: jahazi limesogea mita 9, mlingoti ni mita 12, na kwa kanuni ya Pythagoras mshazari ni mita 15. Mita 15 kwa kasi ya nuru ni nanosekunde 50 hasa, kwa hiyo hesabu imekubali. Kupanda na kushuka ni nanosekunde 100. Kati ya matukio yale yale mawili, nuru kuondoka na nuru kurudi, baharia amehesabu 80 na mtu wa Forodhani 100. Uwiano wake ni 1.25.

Uwiano huo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki gama: chukua mraba wa kasi ukiwa sehemu ya kasi ya nuru, uutoe kwenye 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 1 kwa jibu. Kwa 0.6 mraba ni 0.36, inabaki 0.64, kipeuo ni 0.8, na 1 kugawa kwa 0.8 ni 1.25. Kwa 0.1 gama ni 1.005 tu. Kwa 0.866 ni 2, kwa 0.99 ni 7.09, kwa 0.995 ni 10. Inapanda polepole sana, kisha ghafla.

Mtu makini atauliza mambo mawili. La kwanza: kwa nini tumeuacha mlingoti na mita zake 12 kwa wote wawili? Fikiria majahazi mawili yenye milingoti sawa yakipishana ubavu kwa ubavu, na kila mlingoti una brashi ya rangi mbichi kileleni. Kama mwendo ungefupisha kimo, mlingoti unaokwenda ungemchora mwenzake chini ya kilele. Lakini kila upande unadai mwenzake ndiye anayekwenda, na doa la rangi halina pande mbili. Likikauka lipo au halipo. Hivyo vipimo vilivyokaa mraba na mwendo havibadiliki. Kinachofupika ni urefu wa kufuata njia ya mwendo peke yake.

La pili: huenda ni kasoro ya saa ya nuru, na saa ya mkononi ya baharia iko salama? Hapana. Zingehitilafiana, baharia aliye ngamani angejua kwamba jahazi linakwenda bila kuchungulia nje, na msingi wa kwanza ungevunjika. Saa ya kawaida, mapigo ya moyo, unga wa maandazi unaoumuka, vyote hufuata saa ya mlingotini.

Tezi mbele ya omo

Sasa urefu. Mabaharia wamelipima jahazi lao kwa utepe, tangu omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, wakapata mita 20. Aliye gatini hawezi kutandaza utepe juu ya kitu kinachopita. Njia yake nyepesi ni nguzo moja na saa moja: omo ikifika kwenye nguzo anaanza kuhesabu, tezi ikifika anakata. Kwa mabaharia, nguzo imesafiri mita 20 kwa sentimita 18 kila nanosekunde, yaani nanosekunde 111.1. Lakini saa iliyo nguzoni, wakiitazama wao, ndiyo inayokwenda, kwa hiyo inachelewa kwa 1.25 na itaonyesha 88.9. Namba iliyoandikwa kwenye saa ni moja kwa wote. Aliye gatini anachukua 88.9 yake, anazidisha kwa 0.18, anapata mita 16. Urefu uliopimwa na anayekiona kitu kimetulia unagawanywa kwa gama: 20 kwa 1.25 ni 16.

Wengi husimama hapa na kufikiri kwamba mbao zimebanwa. George FitzGerald mwaka 1889 na Hendrik Lorentz mwaka 1892 walikisia jambo la namna hiyo hasa, kwamba mwendo hukandamiza vitu, ili waeleze matokeo ya Michelson na Morley. Ila hakuna ubao uliolia. Ndani ya jahazi hakuna shinikizo, na mabaharia nao wanaiona gati imefupika kwa kadiri ile ile. Vipi kila mmoja awe mfupi kuliko mwenzake?

Rudi kwenye swali la fundi: kupima urefu wa kitu kinachokwenda ni nini? Ni kutia alama penye omo na alama penye tezi kwa wakati mmoja, kisha kupima kati ya alama hizo. Ukitia alama ya omo sasa na ya tezi baadaye kidogo, jahazi limekwishasogea na kipimo chako ni kifupi cha uongo. Hakuna anayebisha. Ubishi wote umo katika maneno "kwa wakati mmoja".

Weka watu wawili gatini, mita 16 mbali, saa zao zimelinganishwa. Kwa mpigo mmoja wa saa zao, wa kwanza anatia chokaa penye omo na wa pili penye tezi. Kwao kazi ni safi: mita 16. Nenda kwa nahodha. Yeye anasema aliye omo alitia chokaa mapema, na aliye tezi alichelewa nanosekunde 40. Hizo 40 zinatokana na kanuni fupi: urefu wa jahazi, mara kasi, kugawa kwa mraba wa kasi ya nuru. Mita 20 mara 0.6 ni 12, na mita 12 kwa kasi ya nuru ni nanosekunde 40. Katika nanosekunde hizo gati, kwa macho ya nahodha, imerudi nyuma mita 7.2 ikiichukua alama ya omo. Alama ya tezi ilipotiwa, kati ya alama mbili zilibaki 20 kutoa 7.2, yaani mita 12.8. Je, 12.8 inapatana na 16 za watu wa gatini? Nahodha anaiona gati yenyewe ikienda, kwa hiyo imefupika kwake: 16 kugawa kwa 1.25 ni 12.8. Imepatana mpaka nukta.

Hakuna aliyedanganya wala aliyekosea kupima. Kila mmoja akimkagua mwenzake anaona sababu ya namba za mwenzake, nayo ni ile ile: saa za mwenzako zilizotenganishwa kufuata njia ya mwendo hazisomi sawa kwako. Gatini wanaziona saa za jahazi, ambazo mabaharia wamezilinganisha vizuri kabisa, zikiwa zimepishana: ya tezi iko mbele ya ile ya omo kwa nanosekunde 40. Anayejifunza uhusianifu akaikariri gama na kuiacha kanuni hii ya tatu atakwama kwenye kila kitendawili, kwa kuwa vitendawili vya nadharia hii karibu vyote vimejengwa juu yake.

Kupima, tena, si sawa na kuona. Nuru kutoka tezi na kutoka omo huchukua muda tofauti kufika jichoni, hivyo picha ya jahazi letu isingeonyesha tu chombo kilichofupika. Mwaka 1959 James Terrell na Roger Penrose, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba kitu kinachopita kwa kasi kubwa huweza kuonekana kama kimegeuzwa upande, na tufe linabaki na ukingo wa duara. Mita 16 ni kipimo kilichokwisha kuondolewa uchelewaji huo wa nuru.

Mvua ya muoni

Majahazi hayafiki 0.6, lakini kuna kitu kinachotupitia kila dakika kikiwa karibu kabisa na kasi ya nuru. Miali kutoka anga za mbali hugonga hewa ya juu, na kilomita kama 15 juu yetu huzaliwa chembe ziitwazo muoni. Kwa wastani, usawa wa bahari hupokea kama muoni moja kwa kila sentimita mraba kwa dakika. Ukinyoosha kiganja penye baraza la Mji Mkongwe zinakipenya bila kuhisi.

Muoni iliyotulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2, yaani sehemu 2.2 za milioni za sekunde, kisha huvunjika. Ichukue inayokwenda 0.995 ya kasi ya nuru. Kilomita 15 zitaichukua mikrosekunde 50, karibu maisha 23 ya wastani. Uwezekano wa kufika salama ungekuwa kama moja katika bilioni 10, na kiganja chako kingengoja miaka mingi. Lakini gama ni 10: kwa saa zetu maisha ya muoni yanarefuka kuwa mikrosekunde 22, safari ni maisha 2.3, na moja katika kumi inafika. Sasa kaa upande wa muoni. Saa yake haina tatizo, maisha yake ni 2.2. Kilichobadilika ni hewa inayomjia: kilomita 15 zimekuwa 1.5, anazimaliza kwa mikrosekunde 5, na hayo ni maisha 2.3 yale yale. Kwetu muda umerefuka. Kwake njia imefupika. Idadi zinazofika ardhini ni moja.

Kosa linalojirudia kwenye hesabu hii ni kutumia yote mawili kwa pamoja: kugawa kilomita 15 kwa 10 na papo hapo kuzidisha maisha kwa 10. Utapata kwamba karibu nane katika kumi zinafika, na si kweli. Chagua upande mmoja ukae hapo hadi mwisho. Kosa jingine ni kuzidisha palipotakiwa kugawa. Dawa yake ni swali: saa ipi, ikiwa moja tu, imehudhuria matukio yote mawili? Muoni alikuwapo alipozaliwa na alipofika, kwa hiyo muda wake ndio mfupi kuliko wa wengine wote. Nguzo ya gatini ilihudhuria omo na tezi, kwa hiyo 88.9 ni ndogo kuliko 111.1. Kwa urefu swali ni: nani anakiona kitu kimetulia? Huyo ndiye mwenye kipimo kirefu.

Tukubali kwamba mfano huu umerahisishwa. Muoni hupoteza nishati zikipita hewani, na zinazofika chini nyingi zilianza na gama kubwa kuliko 10. Bruno Rossi na David Hall walilipima jambo hili mwaka 1941. Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walihesabu muoni za kasi teule juu ya mlima Washington nchini Marekani, karibu mita 1,900 juu ya bahari, wakapata kama 560 kwa saa. Chini, usawa wa bahari, zilibaki zaidi ya 400, ambapo bila kurefuka kwa muda zingebaki kama 27. CERN walikwenda mbali zaidi: mwaka 1977 walizizungusha muoni kwenye duara la sumaku kwa gama ya 29.3, zikaishi mikrosekunde 64 na ushei.

Saa za kawaida nazo zimejaribiwa. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipakia saa nne za atomu za sesiamu kwenye ndege za abiria kuizunguka dunia. Zilizokwenda mashariki, pamoja na zunguko la dunia, zilipoteza nanosekunde 59. Zilizokwenda magharibi zilipata 273 zaidi. Humo imo kasi na pia kimo, kwa sababu saa iliyo juu, mbali na mvutano wa dunia, huenda mbio zaidi. Hilo la mvutano ni la nadharia ya uhusianifu ya jumla.

Setilaiti za GPS zinazomwelekeza mvuvi wa Wete usiku zina mambo hayo mawili kwa pamoja. Huenda kilomita 3.9 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo saa zake huchelewa mikrosekunde 7 kwa siku. Kwa kuwa juu kilomita 20,200 huharakisha mikrosekunde 45 na ushei. Jumla ni mbele 38, na kabla ya kurushwa saa zake hupunguzwa mwendo kidogo ili zikifika huko zilingane na zetu. Husemwa sana kwamba bila marekebisho hayo ramani ingekosea kilomita 11 kwa siku. Mikrosekunde 38 za nuru kweli ni kilomita 11, lakini hilo ni kosa la umbali kati ya kipokezi na kila setilaiti. Sehemu kubwa yake ni sawa kwa setilaiti zote, na kipokezi huiondoa pale kinaporekebisha saa yake chenyewe. Mahali pangekosewa, ila si kwa namna rahisi hivyo.

Pacha

Hassan anabaki Chake Chake. Hussein anaondoka kwa 0.6 ya kasi ya nuru mpaka nyota iliyo umbali wa miaka 3 ya nuru, yaani umbali ambao nuru huukata kwa miaka 3, na bila kukaa anageuza. Kwa Hassan ni miaka 5 kwenda na 5 kurudi. Kwa Hussein ni 10 kugawa kwa 1.25, miaka 8. Swali la siku zote: si Hussein naye anamwona Hassan ndiye anayekwenda, basi kwa nini Hassan asiwe ndiye mdogo? Kwa sababu Hassan hakugeuza. Hussein alikuwa na mwendo wa kwenda, kisha mwingine wa kurudi, na kila mwendo una "sasa hivi" yake.

Hesabu ya Hussein mwenyewe ni hii. Ameishi miaka 4 akifika, na anasema huko Chake Chake imepita 4 kugawa kwa 1.25, yaani 3.2. Akigeuza, "sasa hivi" ya nyumbani inaruka mbele. Inaruka kwa kanuni ile ile ya omo na tezi, mara mbili kwa kuwa mwendo umebadilika kutoka kwenda kuwa kurudi: miaka 3 ya nuru mara 0.6 ni miaka 1.8, mara mbili 3.6. Wakati wa kurudi anahesabu tena 3.2 za Hassan. Akiteremka, 3.2 na 3.6 na 3.2 ni miaka 10, na ndiyo anayoikuta kwenye kalenda ya ukutani kwa ndugu yake.